Ngano Bandia Shambani kwa Shemeji

Jumanne, 4 Julai

"Ukilima kwa kina mara moja, nyasi zimekwisha." Kasema shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, mezani, mdomo umejaa. Zimekwisha! Shamba lake la ngano limejaa zile nyasi tunazoziita ngano bandia — hufanana na ngano mpaka zitoe masuke. Nikamwuliza, zile basi ni nini, mapambo? Mbegu zikifukiwa hazifi zote. Nyingine hulala. Mwakani trekta inazifukua, zinaamka, zinazaa, zinapukutisha watoto kabla hujavuna. Shemeji huzika nyasi kama anavyozika ugomvi. Mimi nimesoma vitabu vya watu waliochunguza mbegu hizi maisha yao yote; yeye kasoma kalenda ya duka la dawa za kilimo.

Mama mkwe: mwanangu, mkosoe akishameza.

Alhamisi, 6 Julai

Mkaguzi wa mbegu kapitisha shamba langu! Ngano yangu itauzwa kama mbegu. Misimu yote hii ya kung'oa kwa mkono — mgongo unalia kama bawaba yenye kutu. Lakini wakikuta ngano bandia kwenye magunia, basi, chakula cha kuku.

Na kombaini ya familia, mashine ya kuvunia, ni moja. Mkubwa huanza, tangu enzi za baba mkwe. Yaani itoke kwa shemeji tumbo limejaa mbegu za nyasi zake, ije kunitapikia mimi! Nikasema safari hii nianze mimi. Shemeji akatikisa kichwa. Mume wangu akaangalia dari. Basi, nikasema, isafishwe kwanza. Shemeji kaapa ataisafisha.

Mume, chumbani: mke wangu, ni nyasi tu, si serikali. Nikamwambia, serikali hubadilika.

Jumamosi, 8 Julai

Shemeji kamaliza kuvuna, kombaini imesafishwa — nje! Inang'aa kama gari la bibi harusi. Shemeji kaipiga sabuni mpaka taa. Nikaingiza mkono ndani, nikatoa konzi ya ngano bandia, nikamwekea puani. Eti ni chache. Chache! Kwake zilianzaje? Dereva naye: mama, hii ni kombaini, haifanyiwi upasuaji.

Nimeweka kiti cha jikoni katikati ya lango la shamba langu. Naandika hapa hapa, injini inanguruma mbele ya magoti. Mume wangu kaja mbio. Nikajua kaja kunitoa. Kaleta kiti cha pili!

Ananiuliza, wakishuka tutawaambia nini? Haya, nawaandikia kabisa, niwasomee:

Shemeji, na wewe dereva. Zimeni injini. Fungueni kila mlango wa hiyo mashine, pulizeni kila kona, kisha nipeni ufagio nimalizie mwenyewe. Sasa hivi. Mbele yangu.