Sekunde Kumi na Nne za Mwalimu Mejumaa

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatatu

Kwa dada yangu mpenzi Fadhiya,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Maskati, na kazi haijakukondesha. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua kidogo, ila furaha ya harusi bado haijamtoka. Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Subira, nitafika huko.

Kwanza harusi ya mdogo wetu. Ilifana, dada! Leso za sare tulizitoa Biashara Street, nyekundu zenye madoa meupe. Siku ya kupamba, wanawake walipokuja kumtazama bibi harusi, kama ilivyo ada yetu, hakuingia mwanamume, na kadi ilisema wazi kwamba simu zibaki mlangoni. Bawabu nilikuwa mimi. Nilipokea simu moja moja, nikazitia kikapuni na kumpa kila mtu kikaratasi chenye namba yake. Hata Mama sikumwonea haya. Ndani, mabuibui yakavuliwa, asumini zikanukia, na watu wakacheza kwa raha zao.

Aliyewapita wote ni Mwalimu Mejumaa. Ndiye huyo huyo aliyetusomesha Kurani, ambaye chuoni hata tabasamu alilitoa kwa kipimo. Alijifunga leso kiunoni akaingia kwenye ngoma ya chakacha, nasi tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Siku ile nilimpenda kuliko siku zote.

Siku mbili baadaye video yake ikaonekana. Sekunde kumi na nne, kichwa wazi, kiuno kikifanya kazi. Ilifika kwenye simu za wanafunzi wake, na za baba zao pia. Mwalimu akafunga chuo, akasema hawezi kumtazama mzazi yeyote usoni. Watu wakaanza kumsema Sidi, yule mwanamke anayepaka hina, kwa kuwa yeye peke yake aliruhusiwa kuingia na simu, aonyeshe michoro. Maskini aliapa, asisikilizwe. Mabibi harusi wawili waliomwagiza awapake hina wakamwambia asije tena.

Dada, aliyerekodi si Sidi. Ni mimi. Simu yangu sikuitia kikapuni. Nilijipa ruhusa mwenyewe eti kwa sababu mimi ndiye bawabu. Nilimrekodi Mwalimu kwa mapenzi, nikamtumia mtu mmoja tu duniani, aliyekuwa akilia kwa kuikosa harusi. Mtu huyo ni wewe. Nawe, najua ni kwa furaha tu, ukamtumia mwenzio wa chumbani, naye akamtumia shangazi yake wa hapa Buxton. Shangazi huyo mwenyewe ndiye aliyeniambia alikoitoa. Ndiyo maana naandika kwa kalamu: jambo hili sitaki lipite tena kwenye simu ya mtu.

Nilikwenda kwa Sidi kwanza, nikamwomba radhi. Kisha tukafuatana hadi kwa Mwalimu, nikasema yote mbele ya wanawake waliokuja kumliwaza. Jina lako sikulitaja. Nilisema tu kwamba nilimtumia mtu mmoja.

Mwalimu akaagiza simu zote zitiwe ndani ya sufuria na kufunikwa, akatoa hukumu: nicheze chakacha peke yangu katikati ya sebule. Unanijua nilivyo mzito wa kiuno. Kufika mzunguko wa pili Mwalimu alikuwa amelala mkekani kwa kicheko, na Sidi amemwangukia begani. Wale mabibi harusi wamemrudia Sidi, na Jumamosi chuo kilifunguliwa. Mimi nimezunguka nyumba hadi nyumba nikiwaomba watu waifute video, na wengi wameifuta mbele yangu.

Nilipokuwa naaga, Mwalimu alinishika mkono. "Wewe n'shakusamehe," akasema. "Lakini huyo uliyemtumia na aje mwenyewe, aniombe kwa mdomo wake. Mwambie naye ana zamu yake ya kucheza."

Ifute video, dada, na umsimamie mwenzio wa chumbani naye aifute. Jina lako sitamwambia Mwalimu. Hilo ni lako kulisema, ukiwa umesimama mbele yake. Omba likizo uje. Tunaokukosa hapa ni wengi, na mmoja wetu anakungoja bila kujua kwamba ni wewe.

Pokea salamu za Mama na za bibi harusi wetu. Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Nduguyo akupendaye,
Nabiha