Kidole Hakikuteleza

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wifi na watoto hawajambo, na mgongo wako umetulia. Mimi mzima, ila nina hasira. Mama anakusalimu; anauliza mbona siku hizi humpigii, au mpaka naye ajiunge na kikundi chako.

Barua yako nimeipata. Unasema mimi, mdogo wako uliyemfundisha kushika spana, nimekuaibisha mbele ya mafundi lifti wote wa kikundi chetu cha barua pepe, unachokisimamia wewe. Nimeandika kwa herufi kubwa kama mtu anayefoka. Nimeanika maneno uliyoniambia faragha. Badala ya kukujibu wewe, nimewajibu wote. Sasa niombe radhi, niseme kidole kiliteleza, la sivyo unanitoa. Na unajua kazi zangu nyingi zinatoka humo.

Kaka, adabu za kikundi nazijua, maana wewe ndiye uliyeniimbia. Kichwa cha barua kieleze jambo. Usirudishe barua nzima ya mwenzio ili tu uongeze asante chini yake. Na mwenye shaka amuulize msimamizi kwanza.

Si ndivyo nilivyofanya? Nilikuuliza kwanza. Nikakueleza kwamba lifti niliyoifunga hospitalini, yenye zile breki mpya, iliteleza nusu ghorofa na muuguzi ndani, naye tangu siku hiyo anapanda ngazi. Nikaomba niwaulize wenzangu kama yamewakuta. Ukanijibu kwamba muuzaji wa breki ndiye anayetulipia mafunzo, tusimuudhi, na kwamba tangu zije ni mimi peke yangu niliyelalamika. Nikakaa siku kadhaa nikijiona fundi mbovu. Nikafungua ile mashine yote upya, nikafunga, bado ikateleza.

Ndipo nikawaandikia wote, na barua yako chini yake. Yule tunayemwita Babu Kamba akajibu kwamba hata yeye alikulalamikia, ukamwambia yuko peke yake. Fundi wa jengo la mahakama naye hivyo hivyo. Kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja peke yake! Hiyo ndiyo adabu, kaka? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayekufa si wewe wala mimi, ni mtu aliyebonyeza ghorofa ya tano.

Siombi radhi. Kidole hakikuteleza. Niliisoma anwani mara mbili, nikavuta pumzi, nikatuma. Nakupenda, na ningetuma tena.

Nisalimie wifi, wabusu watoto. Mama mpigie.

Na ninyi mafundi wenzangu, ambao anwani yenu iko hapo juu pamoja na ya kaka, nawasalimu pia. Herufi ni ndogo safari hii, hakuna anayefoka. Zijaribuni breki hizo leo, kabla hamjampandisha mtu.

Kaka, sasa unaweza kunitoa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi