Daftari la Mzee Modestus

Felo, aibu iliyomkuta Makrina leo kigangoni Mbekenyera!

Si unajua anafundisha watoto dini baada ya misa? Jumapili ya tatu hii mzee Modestus anakaa nyuma yao. Anaandika, anafunika daftari.

Makrina akajua huyu katumwa na padri kumchunguza. KATUMWA!

Leo uvumilivu ukamwisha. Mbele ya watoto wote: "Mzee, nani kakutuma? Hebu nione hilo daftari!"

Nani kakutuma! Kwa mzee wa miaka sabini!

Mzee akampa. Ukurasa mzima a, e, i, zimepinda.

"Mwalimu, wazee wenzangu wote wanajua kusoma. Wewe ndiye unayeandika polepole ubaoni, naweza kufuata."

Makrina akamrudishia daftari. Watoto ndio waliosogea, wakamwita mzee akae nao mbele.