Kichwa cha Brecken

Jumatatu, 12 Agosti

Mazoezi ya mpira wa Kimarekani yameanza, joto si mchezo. Leo kipimo cha kichwa — kompyuta inakuonyesha maneno na maumbo, unakumbuka unachoweza. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu wanakupima tena, wanalinganisha; ukishuka, huchezi. Wote tulijifanya mbumbumbu, kama tulivyofundishwa na waliotutangulia. Ukianza chini, hakuna atakayeona umeshuka. Brecken, mrushaji wetu wa mpira na mwenzangu wa chumba, katia fora kwa ujinga. Bi. Renner, tabibu wa timu, katazama matokeo yake, kauliza huyu alifaulu vipi darasa la kwanza. Tulicheka mpaka machozi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mechi ya saba, ushindi wa saba. Chuo cha wanafunzi mia nane! Kocha Lindqvist anasema ubingwa haujawahi kukanyaga mji huu, safari hii utakanyaga. Kazi yangu ni ileile: naupitisha mpira kati ya miguu, Brecken anaudaka nyuma yangu, mimi nazuia watu wasimfikie. Ananiita Ghala kwa ajili ya huu mwili. "Ghala, wewe ukisinzia, mimi nimekwisha."

Jumamosi, 9 Novemba

Mpinzani mmoja kanipita. Nilisikia tu kishindo. Kichwa cha Brecken, ardhi iliyoganda. Kainuka, kacheka, kaenda kusimama na wachezaji wa upande wa pili. Wenzetu wakadhani anawatania.

Tumeshinda. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 11 Novemba

Brecken kapimwa tena. Matokeo yaleyale ya Agosti, tena kazidisha kidogo! Bi. Renner kasema macho ya kijana hayampendezi, lakini kwa matokeo haya hana la kumzuilia. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzetu wakampigia makofi. Na mimi nikapiga.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, shambani kwa kina Brecken. Bata mzinga, viazi, mchuzi. Brecken kaondoka mezani, kaenda kukaa ndani ya gari gizani. Taa zinamuumiza. Mama yake kaniuliza jikoni, amegombana na mtu? Nikamwambia ni uchovu tu, mama. Kaniamini, kaniongezea mchuzi.

Jumamosi, 7 Desemba

Nusu fainali, theluji tupu. Tumesimama duara, tunamngoja Brecken atutajie mbinu ya kucheza, kama ilivyo kazi yake. Katutazama usoni mmoja mmoja. Kisha: "Ghala, leo sema wewe." Nikasema. Mchezo mzima nimesema mimi, yeye karusha. Mkono bado unajua kazi yake. 24 kwa 21. Tunaenda fainali!

Kwenye basi nikamwambia twende kwa Bi. Renner.

"Miaka minne nimeingoja hii," kanijibu. "Ukifungua mdomo, mimi na wewe basi."

Naogopa. Namwogopea yeye, na naogopa kuwa mtu aliyeunyima mji mzima ubingwa.

Jumamosi, 21 Desemba

Fainali ni leo mchana. Tuko hotelini. Mama yake kaendesha gari tangu jana, kafika na mikate ya mdalasini. Kamkumbatia mlangoni. Brecken kamshukuru, kamuuliza habari za safari, kampokea koti kwa adabu zote. Mama kafuta machozi, kasema mwanawe siku hizi mstaarabu kweli. Kashuka kunywa kahawa.

Brecken kafunga mlango taratibu. "Huyu mama ni wa nani?"

Nikamngoja acheke. Hakucheka. Kachukua mkate, kasema mtamu.

Basi linaunguruma nje. Kocha anapita milangoni, anatuhimiza tutoke. Bi. Renner yuko chumba cha pili, namsikia akikohoa. Brecken anaisaka helmeti yake chini ya vitanda. Kaniuliza kama nimeiona. Iko hapa, chini ya blanketi langu, nimeikumbatia kwa mkono wa kushoto; bila hiyo haruhusiwi uwanjani. Nimesema sijaiona. Anarudi kutafuta kabatini alikotoka kutafuta sasa hivi.

Kocha kafika mlangoni kwetu. Anagonga, anaita jina langu.