Majembe Manne ya Babu Anselmi

Jumatatu, 7 Juni 1993
Nina miaka sabini na tisa. Nimemzika Mwingereza, duka la ushirika, wake wawili na meno yangu yote. Ulezi bado navuna mwenyewe.

Leo Remi kanifuata shambani. Anataka kilima chote chenye tanuru la wazee la kuyeyushia chuma, na shamba langu hapo chini, akodishe kwa tajiri wa mjini. Siku hizi kila kitu soko huria! Eti kilima ni cha ukoo wa babu wa babu yake, mhunzi Kazimoto, na mimi si mtu wao. "Mzee Lusiani, babu yako Anselmi alinunuliwa kama kuku." Mbele ya wavunaji. Ningekuwa na miaka sitini angemeza meno.

Nimeapa. Anselmi ni mwana wa Kazimoto. Jumapili naleta karatasi ya misheni barazani kwa wazee.

Jumatano, 9 Juni
Lori la mahindi mpaka misheni. Baridi ya kukata masikio. Katekista Gaspari alipita seminari, Kilatini anakiweza. Kitabu cha ndoa panya wamekula pembe. Anselmi yumo. Akasoma: mtoto aliyekombolewa utumwani, wazazi hawajulikani.

Nikamwambia funga. Nikatoka. Sikuaga.

Babu mwongo. Kanipakata miaka yote, ananiita kitukuu cha mhunzi.

Alhamisi
Sikula. Nimempiga teke mbuzi. Hana kosa.

Ijumaa, 11 Juni
Nimerudi misheni kwa miguu. Kijana gani wa leo anaweza? Nikamtaka Gaspari aandike baba ni Kazimoto, agonge muhuri. Kakataa. "Babu, juzi umeondoka sijamaliza mstari."

Akamaliza. Mahari: majembe manne, yametolewa na mhunzi Kazimoto.

Nikakaa chini. Aliyekutolea majembe ya kuolea ndiye baba yako. Wazee wetu hawakujua baba mwingine.

Nikasema basi niandikie ya majembe tu. Akacheka. "Mkia bila kichwa, babu? Remi naye ana miguu, atakuja kusomewa."

Andika yote, nikamwambia. Ushindwe.

Jumapili, 13 Juni
Nimesoma mwenyewe barazani, herufi kwa herufi. Kwenye "utumwani" nilirudia mara mbili. Remi akapiga makofi. Nikangoja achoke. Nikasoma majembe.



"Remi, mahari yako alitoa nani?"

"Baba yangu, nani mwingine!"

"Na ya Anselmi alitoa nani?"

Akainamia kofia yake. Wazee wakamcheka mpaka akaivaa kuficha uso. Mwenyekiti wa kijiji kasema kilima hakikodishwi, na shamba langu lisiguswe.

Jumatatu, 14 Juni
Nimepanda tanuruni peke yangu. Nimeng'oa majani mdomoni mwake. Nimemwambia babu bado nina hasira naye. Angeniambia tu. Ningempenda vilevile.

Asiyeamini haya amuulize Gaspari, ndiye aliyesoma. Amuulize mwenyekiti. Kuliko wote amuulize Remi. Hanipendi, hawezi kunipamba.