Kwa Baba, Aliyeulizwa Mchumi Anafanya Nini

Baba yangu,

Leo Makambako kuna baridi kali, nami nimekuwaza mpaka chai imepoa mkononi.

Unakumbuka watu walivyokuwa wakikusimamisha nje ya kanisa, kwetu Uwemba, misa ikiisha? Dada ni nesi, kaka ni mwalimu. Hao hawakuhitaji maelezo. Mimi ndiye niliyekuwa nikikutoa jasho. Waliposikia nasoma uchumi chuo kikuu, walikuuliza nikimaliza nitakuwa nani, nawe ukanipigia simu palepale, wakisikiliza. Nikakutajia benki, takwimu, kodi, mipango, utafiti. Ukasema, "Mwanangu, nipe moja tu. Hizo zote siwezi kuzibeba."

Sikuwa nayo. Nilihitimu, ukaja kwenye mahafali umevaa koti lako la harusi, halafu nikarudi nyumbani na bahasha ya vyeti. Kazi niliyopata ilikuwa ya kuchambua maparachichi ghalani hapa Makambako, makubwa huku, madogo kule. Jirani mmoja akakucheka kwamba digrii ya bintiyo imeishia kwenye maparachichi. Ulimjibu kwa upole kwamba hata hayo yanahitaji mchumi, ila tangu siku hiyo hukwenda tena kupiga soga kwake. Nilijua imekuuma. Hukuwahi kuniambia, na hilo ndilo linaloniliza zaidi.

Kwenye msiba wako, baba mdogo ndiye aliyeandaa wasifu wa kusomwa kabla ya mazishi. Alipofika kwangu aliniuliza, kwa sauti ya chini, aniandikeje. Nikamwambia aandike jina tu. Basi waombolezaji wakasikia kwamba marehemu ameacha nesi, mwalimu, na Skola. Nililia kuliko wote, na watu wakadhani nalia msiba peke yake.

Baba, nimepata kazi. Mimi ni ofisa mipango wa halmashauri, nitakaa Njombe mjini. Nitakuwa miongoni mwa wanaopanga barabara ipi ya kijijini ichongwe kwanza, ili viazi vya watu visiozee shambani.

Nilipopata habari, vidole vilipiga namba yako vyenyewe. Akapokea Mama, simu yako anaitumia yeye sasa. Nikamweleza. Akaniambia nisikate, nikamsikia anatembea, anahema, akikanyaga majani makavu ya misonobari mpaka kaburini kwako.

"Nimefungulia spika," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Nikashindwa, Baba. Nilisikia upepo wa huko nyumbani, na Mama akisubiri. Nikabaki nalia tu mpaka salio likaisha.

Pumzika. Jumapili nitapanda gari nije mwenyewe nikae nawe.

Binti yako wa mwisho,
Skola