Niliyemwita Mpishi

Jumanne, 2 Agosti 1955

Kazi mpya! Bwana Ridli ameniweka mlango wa mbele. Ile nyumba kubwa ya kale hapa Pangani, iliyokaa miaka na popo wake, sasa itakuwa na karamu za jioni, Jumamosi mbili kila mwezi. Wageni arobaini, wote wa kadi — mameneja wa mkonge na wake zao, madaktari kutoka Tanga. Asiye na kadi haingii, awe nani. Orodha naishika mimi.

Nitavalishwa kanzu, kizibao na tarbushi nyekundu, eti pafanane na zamani. Mimi, karani wa suruali! Haya, nitavaa.

Aliniuliza kama nawajua wenye nyumba wa zamani. Mlinzi aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu aliwafungulia jamaa zao waliokuja kudai chumba. Nikajibu wamekwisha wote, hakubaki mtu. Ulimi haukunikwama hata kidogo. Na nyumba ilikuwa ya babu yangu, Mzee Uweso, kabla Mjerumani hajaichukua. Hata jina nimepewa lake.

Alhamisi, 4 Agosti

Nilipita kwa shangazi Mwanamkasi kumwamkia. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Haniiti Uweso, jina la baba yake halitamki ovyo. Huniita "baba".

Habari zimeshamfikia. Eti baba, kuna karamu nyumbani kwetu? Nikasema ni ya Wazungu, shangazi. Akashangaa: kwani Wazungu si wageni? Lini mgeni amefika kwa baba yake akakosa wa kumpokea?

Hapo ndipo ilipotakiwa nimwambie. Neno moja tu — kadi. Nikala mkate wake wa kumimina, vipande vitatu, nikaaga.

Jumapili, 7 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naona haya hata mbele ya daftari.

Jana baada ya magharibi magari yalikuwa yanaingia, mavumbi ya barabara ya Kigombe yamejaa hadi kwenye vioo. Nimesimama na orodha yangu, tarbushi imenibana. Mara nanusa udi. Nageuka — shangazi! Kavaa leso mpya chini ya buibui, mkono mmoja chetezo kinafuka, mkono mwingine mrashi wa fedha wa bibi. Alikuja kupokea wageni. Binti mkubwa wa nyumba anapokelea mlangoni kwa udi na marashi, ndivyo alivyofundishwa, na mlango ni wa baba yake. Angekaaje kwake?

Kabla sijafungua kinywa kamrashia bibi mmoja wa Kizungu, kichwani na mikononi. Marhaba, karibuni, karibuni ndani. Yule bibi akaruka, akapiga ukelele, kisha wote wakacheka. Shangazi naye akacheka, kadhani wamefurahi.

Bwana Ridli akaja mbio. Nani huyu?

Nikasema, "Mpishi, bwana. Nimemleta amsaidie Timotheo."

Kwa Kiswahili! Kiingereza ninacho, ningeweza kulisema kwa Kiingereza asisikie. Nikalisema kwa lugha yake mwenyewe, yuko hatua moja kutoka kwangu. Bwana Ridli akasema: kama mpishi, mbona mlango wa mbele? Apite nyuma.

Shangazi alinitazama. Hakunikana. Hakusema huyu ni mtoto wa kaka yangu, nimemfuta kamasi huyu. Akanikabidhi mrashi, polepole, kama anayempa mtu mtoto mchanga. Akazunguka nyumba gizani peke yake, mwanamke wa miaka sitini.

Na alipika! Timotheo, mpishi wetu Mbondei wa Muheza, anasema alivua buibui, akakunja mikono, akachukua mwiko. Samaki wa nazi wamekwisha hadi mchuzi. Mimi nilikuwa mlangoni nawainamia watu.

Ewe Uweso! Uso huu utauweka wapi?

Jumanne, 9 Agosti

Bwana Ridli kafurahi. Yule mama aje tena tarehe ishirini. Na yale marashi wageni wameyapenda, sasa niwe nawarashia mimi, kila karamu.

Nimekwenda kwa shangazi. Nimekaa kwenye mkeka saa nzima na neno "nisamehe" nimelifumbata mdomoni. Halikutoka. Nikasema tu, shangazi, wanakutaka tena, lakini usije, nitawaambia unaumwa.

Akasema haumwi. Akaomba mrashi aujaze, si kitu cha kushikwa kitupu. Kisha akaniuliza: mpishi hupewa aproni, au aje na yake?

Hakuniita baba. Tangu niingie hadi nitoke, hata mara moja.

Jumamosi, 20 Agosti

Naandika kwa penseli, nimekaa kwenye baraza la mlango wa mbele, daftari juu ya orodha. Saa kumi na mbili kasoro. Magari bado.

Amekuja. Kapita nyuma bila kuambiwa, aproni kaifunga juu ya leso. Nilikuwa uani na Bwana Ridli, tunahesabu viti. Akasimama mbele yangu, mikono mbele, macho chini.

"Shikamoo, bwana."

Mimi! Shangazi yangu ananiamkia mimi shikamoo! Bwana Ridli kasimama, anangoja tumalize. Nikaona midomo yangu inafunguka. "Marahaba," nikasema. Lahaula! Nimesema marahaba!

Sasa yuko jikoni. Milango yote iko wazi hadi kule nyuma, nasikia kila kitu. Anakuna nazi. Anamwuliza Timotheo, kwa sauti ya mgeni anayetaka kujua tu: yule kijana wa mlangoni anaitwa nani?

Timotheo anasema anaitwa Uweso, mama.

Mbuzi ya nazi imenyamaza. Anasema jina zuri. Je, ana jamaa hapa mjini?

Timotheo anacheka. Hajui, hajawahi kumsikia akitaja mtu. Ngoja, mama, nikamwulize mwenyewe.

Nasikia makubadhi ya Timotheo yanakuja ukumbini. Mrashi uko mapajani pangu, umejaa mpaka shingoni, na magari hayajafika